Gari Nzuri, Ila

Rajabu mwanangu,

Darasa la tatu mwalimu alitufundisha kuanza barua hivi: mimi ni mzima, hofu ni juu yako wewe uliye mbali. Lakini wewe hujawa mbali bado. Umekwenda Mbalizi kumuaga shangazi yako, na kabla ya magharibi utarudi na njaa yako. Ila hofu yenyewe haikungoja uondoke. Imekaa hapa na mimi tangu asubuhi, inaota moto. Nimeona niiandike sasa, maana ukiwa mbele yangu nitaanza kukuuliza kama soksi zimekauka.

Habari za soksi, na chakula cha njiani, na kusalimia watu wa Iringa, sikuandikii. Hayo utayasikia kwa mdomo mpaka utachoka. Kesho unapanda basi na mzigo wako, na jambo moja siliwezi kwa mdomo. Nimejaribu tangu Jumamosi. Kila nikifungua kinywa inatoka habari ya blanketi.

Jumamosi nilikwenda dukani kwa Bwana Kassam kuchukua uzi. Ile picha ya gari ameipachika juu ya mizani, mahali palipokuwa na kalenda. Akaniita, "Mama Rajabu, njoo umwone mke wangu wa pili!" Na mkewe yuko palepale anapima sukari. Mkewe, bila kuinua macho, akasema, "Mwambie huyo mke mdogo hana paa. Mvua ya Mbeya itamfundisha adabu."

Nikacheka, nikaitazama. Gari ndogo ya Kiingereza, ya mbio, wazi juu, viti viwili, magurudumu ya spoku kama baiskeli, na boneti ndefu imefungwa mkanda wa ngozi kama suruali ya mzee aliyekonda. Nzuri, siwezi kusema uongo. Nikamwuliza, "Bwana, na watoto sita utawapakia wapi?"

"Mdogo nitampakata. Wakubwa watakimbia nyuma, wapate afya."

Huyo mdogo alikuwa chini ya meza ya duka, anaendesha sinia kama usukani, mdomo unanguruma.

Sasa sikiliza nilichokiona mimi. Gari iko Mufindi kwenye shamba la chai, mwenyewe ni Mzungu anayerudi kwao. Bwana Kassam hajaigusa hata tairi. Wameandikiana barua tu, na picha moja. Lakini amekwisha kununua kofia ya ngozi na miwani ya kuzuia upepo, aliniletea niishike. Mtu akishanunua kofia, moyoni mwake gari imeshanunuliwa. Anayetumwa kwenda kuitazama hatumwi kutazama. Anatumwa kuleta neno "nzuri".

Na ulipokuja kunichukua pale dukani, alikuambia mbele yangu: "Rajabu, wewe ni jicho langu. Nenda, tazama, nipelekee simu ya maandishi. Ukisema nzuri, hela inakwenda, unaileta mwenyewe mpaka hapa mlangoni. Halafu karakana yangu ya Iringa, ufunguo mkononi mwako." Wewe ukaitikia, "Ndiyo, Bwana," meno yote nje. Ukisema mbaya itakuwaje, hakusema. Nilingoja aseme. Akaanza kunikatia uzi.

Kwa hiyo hofu yangu si ya basi wala ya baridi ya Mufindi. Ninaogopa utafika pale, utaiona gari imeoshwa inang'aa, utaona nyuma yake ufunguo wa karakana, na jicho la Bwana Kassam litakuwa jicho lako mwenyewe linalotaka.

Ya ufundi sikufundishi. Umekaa karakana miaka mitatu na mimi ni mtu wa cherehani. Lakini nimeishi na dereva, na dereva akilala husema. Unajua kwamba gari hizi ndogo za Kiingereza ngozi yake ni bati lakini mifupa ya milango ni mbao. Mchwa hawasomi jina la kiwanda. Bonyeza kwa kidole gumba chini ya zulia na kwenye bawaba, mlango ukining'inia usidanganywe kwamba ni skrubu. Ukifika ukakuta injini ina joto, jiulize nani aliipasha na kwa nini, kisha kaa chini ungoje ipoe, hata kama watakuletea chai mara tatu. Rangi mpya uiogope kuliko rangi iliyochubuka. Basi, nimemaliza. Mengine unayajua.

Usiyoyajua ni haya.

Wewe hupenda kuwasimulia watu ile habari ya mbuzi. Jinsi ulivyopata hilo kovu la kidevuni. Kwamba ulikuwa na miaka sita, umekaa mbele na baba yako kwenye lori yake mpya, mkapita Makambako, mbuzi akaruka barabarani, baba akashika breki, lori ikaenda mtaroni ikalala ubavu. Baba akavunjika mkono, lori ikauzwa vipande vipande, na mbuzi akaenda zake hana hata mkwaruzo. Watu hucheka hapo kwenye mbuzi. Na mimi huwa nacheka, halafu nakwenda kutazama sufuria hata kama hakuna kitu jikoni.

Mbuzi alikuwepo, mwanangu. Lakini mbuzi hakuipindua lori.

Mwaka ule mimba ya Zena ilikuwa na miezi minane, nikaenda kujifungulia kwa mama yangu Kalenga kama ilivyo desturi, na wewe nikakuchukua. Baba yako alikuwa Mbeya, anaendesha gari ya watu. Akaandika barua: kuna mtu wa tumbaku pale Iringa anauza lori ya Kiingereza, bei yake tunaiweza, yeye hapati ruhusa ya kuja kuitazama. "Nenda wewe," akaandika. "Macho yako ni macho yangu. Ikiwa nzuri nijulishe kwa simu ya posta, nitapeleka hela mara moja maana kuna mwingine anaitaka."

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Tulikuwa tunaishi chumba kimoja nyuma kwa bibi yako mzaa baba, na bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa akihesabu hata maji ninayoogea. Lori maana yake nyumba. Lori maana yake mlango wangu mwenyewe. Tuliondoka Kalenga alfajiri, wewe umeshika kanga yangu, tukatembea tunapumzika mpaka mjini.

Lori ilikuwa imepakwa rangi ya kijani. Nikazunguka nikaigonga gonga bati kama nilivyoona wanaume wanafanya. Dereva wake alikuwa mzee mmoja wa Kibena, mpole. Nikamwamkia, "Kamwene, baba." Akaniitikia, akakupandisha kwenye usukani ukapiga honi. Nikamwuliza, "Lori habari yake?"

"Nzuri," akasema.

Nikakaa kimya. Naye akafuta mikono kwa tambara, akaniangalia tumbo, akaendelea: "Nzuri, ila ukiibana breki inatazama kushoto. Kama ng'ombe aliyeona majani. Mimi nimeizoea. Lakini mwambie mume wako, binti yangu. Usiache kumwambia. Kule mteremkoni si kwa kuzoea."

Nikaenda posta. Karani alikuwa kijana, kalamu sikioni, na watu nyuma yangu foleni. Nikamwandikia karatasini: gari nzuri ila ukibana breki inavuta kushoto. Akaisoma, akacheka kidogo.

"Mama, hii ni simu, si barua. Unalipia kila neno. Kwa kifupi, habari ni nzuri au mbaya?"

"Nzuri," nikasema. "Ila..."

"Haya, nzuri. Andika nzuri. Hayo ya breki mtaongea mkikutana."

Nyuma yangu mtu akasema, "Mama huyu anatuma riwaya." Watu wakacheka. Nikaona haya, nikachukua kalamu nikakata mwenyewe. Yakabaki maneno mawili, GARI NZURI.

Umeona jinsi lugha hii ilivyo? Mtu akikuuliza habari za nyumbani, unajibu nzuri, hata kama nyumbani kuna maiti. Nzuri ni mlango tu. Ni heshima, humwangushii mtu msiba kabla hajakaa. Kisha yeye anakuuliza tena, "Nzuri kabisa?" Na hapo ndipo unasema, "Nzuri, ila mtoto amelazwa," "Nzuri, ila mvua imetunyima." Habari yenyewe hukaa nyuma ya ila. Sisi sote tunajua kuingoja. Lakini karatasi ya simu haiulizi mara ya pili. Na mtu mwenye haja na gari haulizi mara ya pili pia.

Baadaye sana ndipo nilisikia baba yako, ambaye Kiswahili chake ni cha pwani, akisema kizuri hakikosi ila. Nikamwuliza, ila gani hiyo? Akanicheka. "Ila ni kasoro, mke wangu. Hukufundishwa huko kwenu Uheheni?" Sikujua. Nilidhani ni neno la kuunganishia tu. Siku ile sikulala. Nililifikiria lile neno nililolikata kwa mkono wangu.

Ningeweza kumlaumu karani. Nimemlaumu miaka mingi, tena nikimwongezea ubaya kila mwaka. Mpaka sasa hivi nimemkumbuka vizuri, alikuwa kijana tu anayetaka foleni iende. Lakini hata karani nimtoe kabisa, bado kuna siku baba yako alipokuja.

Alikuja kuichukua lori Zena akiwa na siku tisa. Akafika nayo Kalenga, honi toka mbali, wajomba zako wote wakatoka. Sijamwona mtu amefurahi vile. Alishuka akaifuta vumbi kwa shati lake. Akaingia ndani akamshika Zena, akaniuliza, "Mama Rajabu, uliitazama vizuri gari yetu?"

Gari yetu, alisema.

"Niliitazama," nikamjibu.

"Ukaionaje?"

"Nzuri."

Akangoja. Ninakuapia, Rajabu, aliningoja. Jicho lake lilikaa kwangu muda wa mtu kumeza mate. Na mimi nikamfunika Zena vizuri. Nilijiambia ameiendesha mwenyewe kutoka mjini, kama kuna kitu amekiona. Nilijiambia mzee yule alizidisha. Nilijiambia mambo mengi, na yote yalikuwa na mlango wangu mwenyewe ndani yake.

Mimi nilibaki kumaliza arobaini. Wewe ukalia kutaka kwenda na baba. Ukajitupa chini kwenye vumbi, ukagoma. Ndipo nikakuinua kwa mikono yangu hii, nikakupandisha kwenye kiti cha mbele, nikakufutia kamasi, nikafunga mlango. Nikausukuma mara mbili nihakikishe umefunga. Mlango niliuhakikisha.

Hilo ndilo nililokuwa siliwezi kwa mdomo.

Sasa nikikuandikia usiogope kusema mbaya, naandika kitu chepesi mno, kila mtu atakuambia hivyo. Mimi sikuogopa. Mtu akiogopa anajua kwamba kuna kitu. Mimi nilitaka. Nilitaka iwe nzuri, na kutaka kunafanya mtu asikie nusu tu ya maneno. Mzee yule alisema maneno mengi, mimi nikabeba moja.

Kwa hiyo ukiwa Mufindi, kabla ya kushika spana, jiulize unataka nini. Usijione mbaya kwa kutaka. Karakana ni jambo kubwa, na mimi mwenyewe nimekwisha kukuona pale Iringa na ovaroli yako, nimekwisha kuwaambia majirani wawili, kwa hiyo nami nimenunua kofia. Jua tu kwamba umetaka, halafu itazame gari kama unataka iwe mbovu. Mwulize dereva au mtunza bustani wa yule Mzungu, si Mzungu mwenyewe peke yake. Na akikujibu nzuri, nyamaza. Usimsaidie. Mwache atafute lile neno lake la pili.

Na gari ikiwa na kasoro, usimwambie Bwana Kassam "mbaya" ukakaa. Hilo nalo ni neno moja. Mwambie yote, aamue mwenyewe, hela ni yake, na yule mtoto wa chini ya meza ni wake.

Nimeacha kuandika hapo muda mrefu, chai imepoa.

Nimefikiri hivi. Nikikupa barua hii, nakupa siri ya kumficha baba yako. Utakuja likizo utakaa naye, atasimulia mbuzi, nawe utatazama sufuria kama mimi. Hilo si la kumfungia mtoto kwenye mzigo. Kwa hiyo nimeinuka nikaenda kule uani anakogonga vibatari vyake. Zena nimemtuma kwa jirani. Nimesimama, nikamwambia, "Baba Rajabu, ile lori ya Iringa nilijua breki zake. Dereva aliniambia. Sikukuambia."

Akaendelea kugonga. Unajua anavyogonga, nyundo mkono wa kushoto, bati limebanwa kwa goti, ule wa kulia umejikunja tu. Amegonga mpaka kibatari kile kikaharibika, kimekuwa bapa kama chapati. Ndipo akasema, "Kushoto."

Nikasema, "Ndiyo, ilikuwa inavuta kushoto."

"Unaniambia mimi? Nilibana breki mara ya kwanza pale sokoni Iringa, nusura nipande kibanda cha mtu wa vitunguu. Akanitukana mpaka babu yangu. Ulidhani sikuona?"

Nikamwuliza, "Basi mbona hukusema, ulipofika Kalenga?"

Akanitazama, Rajabu. Akaweka nyundo chini.

"Ningekuambia, ungemshusha mtoto," akasema. "Nami nilitaka anione naendesha gari yangu."

Nimekaa chini palepale kwenye vipande vya bati. Miaka kumi na miwili tumelala kitanda kimoja, kila mtu amelalia upande wake wa habari hiyo. Nilitegemea atakasirika au atanisamehe. Hakufanya hata moja. Akasema tu, "Kwa hiyo uliniangalia nikimpakia."

"Mimi ndiye niliyempakia," nikasema.

"Ndiyo. Ni wewe."

Akafikiri. Kisha akauliza, "Huyu Kassam anataka jibu kwa njia gani?"

"Kwa simu."

"Maneno mangapi?"

"Anavyopenda yeye, moja."

Akainuka, akanawa, akavaa koti lile la Idi. Nikamwuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda dukani kumwambia Bwana Kassam kwamba mwanawe hatajibu kwa simu, atajibu kwa barua, na atakaa na gari hiyo siku tatu, asubuhi na jioni, ikiwa baridi na ikiwa na joto, na mlimani. Na kwamba asipokubali, atafute jicho jingine. Baba yako, ambaye tangu mkono uharibike hajaingia duka la mtu kudai kitu. Nikamwambia, "Je, akimnyima kijana kazi?"

"Ni karakana ya Kassam, hilo siliwezi," akasema. "Mtoto ni wangu."

Amekwenda. Mpaka sasa hajarudi. Kutoka hapa mpaka dukani si mbali, nimeshachungulia njiani mara nne. Huenda Bwana Kassam amemkaribisha kiti. Huenda wamegombana, na kesho hakuna basi wala Mufindi, na wewe utafungua mzigo wako, iwe mara ya pili unaumia kwa sababu yangu.

Ninakunja karatasi hii kabla hajaingia, maana nikishajua jibu nitataka kuibadilisha. Nitakupa ukiisha kula. Isome yote, na ukitaka kutukasirikia, tukasirikie, tuko wawili hapa, tutavumilia. Na jibu atakalorudi nalo baba yako, hata liwe limekufungia mlango, utaambiwa lote usiku huu kabla ya kulala, na hutahitaji kuuliza mara mbili.

Mama yako